Mbuzi, Lengalenga na Figo (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliangalia mimea inayoharibu ini. Leo ni zamu ya figo, na mshtakiwa wa kwanza atawashangaza wengi hapa mtaani Hewa Bora, maana ni lengalenga, mboga tunayoila na bukari. Mvua za kwanza zikinyesha Lubumbashi, lengalenga hujiotea jalalani na kwenye viwanja visivyojengwa, mahali palepale mbuzi wanapofunguliwa wakiwa wamekonda kwa kiangazi. Ndani yake mna sumu iitwayo oksaleti. Ikiingia kwa wingi katika damu hukamata kalsiamu: mnyama hutetemeka, miguu hulegea, huanguka. Hata akinusurika hapo, oksaleti na kalsiamu zimekwisha kugandana kuwa chembe ngumu kama mchanga, nazo huziba mirija midogo ya figo.

Mtu atasema: mbona sisi twaila na hatufi? Sisi twaichemsha, na oksaleti nyingi hutoka na maji tunayoyamwaga. Isitoshe, hakuna anayekula kapu zima. Hoja nzito zaidi ni ya yule ambaye mbuzi wake hula lengalenga mbichi mwaka hadi mwaka bila kudhurika. Ni kweli, na sababu imo tumboni mwao. Mnyama anayecheua hufuga bakteria wanaokula oksaleti, wakiwamo Oxalobacter formigenes, waliopewa jina hilo mwaka 1985. Akizoea mmea kidogokidogo, bakteria hao huongezeka kwa siku chache na sumu huwa chakula chao. Miaka ya 1940, magharibi mwa Marekani, kondoo walikufa kwa makundi kwa kula Halogeton, mmea wenye oksaleti nyingi; waliokufa hasa ni wale waliofika malishoni na njaa. Australia nako ng'ombe wenye njaa walidhurika kwa majani ya Setaria, ambayo aina yake moja inaitwa Kazungula, kwa jina la mahali kwa jirani zetu wa Zambia. Kwa hiyo mimi siushtaki mmea peke yake. Naishtaki kamba: mbuzi hushinda amefungwa na njaa, kisha jioni anafunguliwa penye lengalenga tupu. Mbuzi mgeni, aliyeshuka jana kwenye lori, yumo hatarini kuliko wote.

Wengine watalaumu vumbi la migodi. Siliondolei hatia, kwani kadimiamu, metali iliyomo humo, hujikusanya figoni kweli. Lakini hiyo hufanya kazi yake kwa miezi na miaka, ilhali lengalenga huangusha kwa saa au siku chache. Figo ikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, zile chembe huonekana, na mjini humu tuna kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kinga ni nyepesi: mbuzi ashibe majani makavu kwanza, ndipo afunguliwe. Sindano ya kalsiamu huweza kumwinua aliyeanguka, lakini haitoi mchanga figoni, na mbuzi aliyesimama leo aweza kufa juma lijalo.