Mwaka Mmoja Katika Msitu wa Pugu

Abiria aondokaye Dar es Salaam kwa reli ya kati, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1905, hachukui muda mrefu kabla ya kuviona vilima vya Pugu. Si vilima virefu. Kilele chake ni kama mita 300 tu juu ya bahari. Wengi wetu twaijua Pugu kwa mambo mengine: kwa shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955, kwa mnada wake wa ng'ombe, na siku hizi kwa stesheni ya reli ya umeme. Msitu wake hutajwa mwisho, na mara nyingi hutajwa kwa gunia.

Ndugu msomaji, mimi ni mmoja wa hao waliokuwa wakiuhesabu msitu kwa magunia. Jikoni kwangu mna seredani, wala sikupata kujiuliza mkaa wangu ulikuwa mti gani kabla haujawa mkaa. Ndipo nilipoamua, kwa ruhusa ya wenye kuulinda msitu ule, kwenda Pugu Jumapili moja ya kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima, na kurudi mahali pale pale: kibonde kidogo ambacho mtu aweza kukizunguka kwa nusu saa. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyezaliwa ng'ambo ya kilima.

Nilianza mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, na nakiri kwamba nilivunjika moyo. Majani makavu yalikuwa yamefunika ardhi hadi kwenye vifundo vya miguu. Mbele yetu ulisimama msufi pori, mti mrefu, mnyofu, usio na jani hata moja.

“Mzee, huu umekwisha kufa,” nikasema.

“Mwanangu,” akajibu, “ungekuwa hakimu ungewanyonga wengi. Njoo tena.”

Sikujua kwamba msufi pori hupukutisha majani yake ili usipoteze maji wakati wa ukavu, na kwamba hata kuchanua huchanua ukiwa mtupu vivyo hivyo. Nilipokwenda baadaye niliyakuta matunda yake yamepasuka, na sufi yake ya rangi ya kahawia imenasa katika vichaka. Karibu yake palikuwa na mkongo, ambao maganda yake magumu yalikuwa yakifunguka na kuonyesha mbegu nyeusi zilizovishwa kofia nyekundu. Kofia hiyo huwavuta hondohondo. Huila, na mbegu huiangusha mbali na mti mama. Bila ya ndege huyo, mbegu nyingi zingeota chini ya kivuli cha mzazi wao na kufa.

Na majani yale makavu niliyoyadharau yana wenyewe. Humo ndimo anamoishi sange, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, miguu myembamba, na ukubwa wa kama nusu kilo. Kutwa hufukua majani akitafuta mchwa, buibui na vijidudu vingine, na usiku hulala katika kiota alichokijenga kwa majani hayo hayo. Afagiaye msitu kwa moto ili upate kupitika huunguza chakula cha sange pamoja na nyumba yake. Nilikaa kimya saa nzima nikamwona mara moja tu, naye akanitazama kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni.

Mvua za vuli zilipoanza, msitu ulibadilika kwa kasi ambayo sikuitazamia. Kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, na kila mwenye mdomo akaja karamuni: ndege, mijusi, kima, hata watoto wa kijijini wenye ndoo zao. Mbayuwayu na keremkerem waliokimbia baridi ya Ulaya walikuwa wamekwisha fika. Juu ya kidimbwi niliona povu jeupe limening'inia kwenye tawi, nikadhani mtu amefua nguo akamwaga sabuni. Mzee alicheka. Kumbe ni kiota cha chura wa mti: mayai hukua ndani ya povu, na viluwiluwi hudondoka majini wakati wao ukiwadia.

Ndani ya mkongo mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza, mlikuwa na pango, na ndani ya pango mlikuwa na hondohondo jike. Ndege hao wana desturi ya ajabu. Jike huingia katika pango la mti, mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Na kwa muda wote wa kuatamia, dume humlisha kupitia ufa huo. Mwezi wa Desemba nilimwona dume akija mara kwa mara na tunda mdomoni. Kilio chake ni kama cha mtoto mchanga, na asiyekijua aweza kutafuta mama wa mtoto huyo msituni.

Juu ya kiangazi sina mengi. Jua la Februari lilikuwa kali, na kitu nilichokipenda kilikuwa magharibi tu, wakati popo wanapomiminika kutoka katika mahandaki yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini.

Mwezi huo ndio nilipomkuta kijana mmoja kando ya tanuri. Alikuwa amepanga magogo, akayafunika kwa nyasi na udongo, naye akichunga moshi usiku na mchana asije akapata majivu badala ya mkaa. Ni kazi ngumu, tena ya hasara: kwa tanuri la udongo namna ile, tani 1 ya mkaa hutaka tani 5 za kuni na kuzidi. Nikamwuliza kama hajui kwamba ukataji umekatazwa.

“Najua, kaka. Na ninyi mjini mnapikia nini?”

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa na watoto wawili shuleni, na mimi nilikuwa na seredani.

Mwezi wa Aprili, masika yalipokuwa yamekolea, nilikwenda kibondeni nikanyeshewa. Chini ya miti mvua husikika juu ya majani muda kabla haijamfikia mtu, na maji yake huteremka polepole yakinywewa na yale majani yaliyooza. Hatua kama 100 kutoka hapo, kwenye mteremko uliokatwa, maji yalikuwa yakienda mbio, mekundu kwa udongo. Yote mawili huenda kuutafuta mto Msimbazi, ambao chanzo chake ni katika vilima hivi, na ambao hupita katikati ya mji hadi baharini. Wakazi wa Jangwani hawahitaji kuelezwa habari za mto huo. Wanayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwafanya baadhi ya waliobaki wahamishiwe Mabwepande. Sisemi kwamba mafuriko yale yalitokana na kibonde changu; mvua ilikuwa kubwa mno, na ujenzi wa mabondeni una lawama yake. Lakini maji yale mekundu niliyaona kwa macho yangu.

Siku hiyo hiyo niliukuta mkongo wenye pango umekuwa kisiki. Kumekatwa kwa msumeno, na ule udongo wa mlango wa hondohondo ulikuwa bado umeshikamana na kipande cha gome. Mzee hakusema neno. Alinionyesha tu, mbali kidogo na kisiki, miche 7 ya mkongo iliyoota kwa mvua, akaizungushia vijiti.

Nyumbani nimenunua mtungi wa gesi. Ukiisha kabla ya mshahara, seredani hurudi. Julai iliyofuata nilikwenda tena. Msufi pori ulikuwa mtupu, na miche ilibaki 4. Mzee alisema mitatu imeliwa na paa, akaongeza vijiti.