Tarehe ya Mwisho na Ifike Zagayu

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa maana ya ratiba. Akaaye Ukerewe ajua kwamba kivuko kikitangazwa kusimama siku fulani, aliyelipata tangazo hununua mahitaji yake mapema, na asiyelipata huachwa gatini na mzigo wake. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu, pamoja na maofisa wa Serikali, watusikilize tunapolizungumzia jambo lidhaniwalo kuwa la mafundi peke yao.

Programu ya kompyuta haiandikwi yote upya. Mwandishi wake huazima sehemu zilizokwisha kutengenezwa na wengine, nazo huitwa maktaba. Kila maktaba hutegemea matoleo fulani ya lugha iliyoandikiwa, na siku hufika watunzaji wake wakasema kwamba toleo la zamani hawalihudumii tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa lugha ya Python. Toleo lake la 3 lilitoka Desemba 2008. Toleo la 2 lilipangiwa kuachwa mwaka 2015, likaongezewa muda hadi tarehe 1 Januari, 2020. Maktaba ya Django, itumikayo kujengea tovuti, ilianza kuliacha Desemba 2017. NumPy, ya mahesabu, ikafuata mwaka 2019.

Hatuwalaumu watunzaji hao. Wengi wao hujitolea, na kila toleo kuukuu wanalolibeba huwalazimu kuijaribu kazi yao mara nyingine kila wabadilipo mstari mmoja. Aliyepewa miaka kumi na moja ya kuhama hawezi kusema alifukuzwa.

Linalotushughulisha ni tangazo lenyewe, kwamba haliwafikii walio mbali. Tuchukue mfano wa kompyuta yenye Windows 7 katika kata ya Zagayu, Wilaya ya Itilima, iliyokuwa sehemu ya Bariadi kabla ya mwaka 2012. Ingeweza kuwa Ukara vile vile. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kuikubali Windows 7. Ile ya 3.9, iliyotoka Oktoba 2020, inadai Windows 8.1 au iliyo mpya zaidi. Juni 2023, NumPy 1.25 nayo ikadai Python 3.9. Hakuna aliyeitaja Zagayu, lakini mlango umefungwa.

Tena haufungwi kwa kishindo. Tangu mwaka 2016, chombo kinachopakua maktaba za Python kikikuta toleo la zamani humchagulia mtumiaji maktaba ya zamani inayolingana nalo. Kazi huendelea, na mauzo ya pamba hujumlishwa sawasawa kama jana. Lakini kasoro za usalama zinazogunduliwa baadaye hurekebishwa katika matoleo mapya, nayo hayaingii katika mashine ile. Karani husifiwa kwa kuitunza vizuri, kumbe anakilinda chumba chenye dirisha lililovunjika nyuma.

Twajua kwamba kompyuta kuukuu za msaada hupokelewa kwa picha na makofi. Ni vema mpokeaji aulize pia, kabla ya kupiga makofi, mashine hiyo itakubali toleo gani na kwa miaka mingapi. Aidha, mikataba ya programu za Serikali yafaa iandike toleo la lugha, tarehe ya mwisho ya huduma yake, na nani atakayelipa gharama ya kuhama. Fedha hizo ziingizwe katika bajeti mwaka mmoja kabla, wala zisingojewe mpaka kazi ikwame.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2019, ina uwezo wa kuzikusanya tarehe hizo katika daftari moja la Kiswahili chepesi na kulituma kwa kila halmashauri. Lisomwe mbele ya watendaji wa kata, siyo kufungiwa ofisini kwa fundi. Na siku litakapopelekwa Itilima, nakala nyingine ipandishwe kivukoni kwenda Nansio siku hiyo hiyo.