Taka Zilizotenganishwa ni Mali, Zilizochanganywa ni Mzigo

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa cheo zikawa majiji, pamoja na miji mingine kadhaa ya Uganda. Cheo, kama kila askari ajuavyo, huja na wajibu wake. Mmojawapo wa wajibu huo, ambao Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 imeuweka mikononi mwa mabaraza ya miji, ni kuondoa takataka za wakazi. Lakini kuzitoa takataka barabarani na kuzirundika mahali pengine ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuzirudisha katika matumizi. Maelezo ya leo yanachunguza jinsi majiji haya mawili ya mashariki yalivyoikabili nusu hiyo ya pili, kwa nini matunda yake yamekuwa haba, na ni lipi liwezalo kufanywa, likiwemo lile linaloweza kuanzia katika makambi ya jeshi na laini za polisi.

Kwanza yafaa kutazama kilichomo ndani ya takataka zenyewe. Katika miji ya Uganda, zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni vitu vyenye kuoza: maganda ya ndizi, majani, mabua ya mahindi, mabaki ya chakula na ya mboga za sokoni. Vilivyobaki ni plastiki, karatasi, chupa, vyuma, vitambaa, majivu na mchanga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa uchafu ilitoka shambani, na ardhi ya shamba inaihitaji irudi. Anayeihitaji hayuko mbali. Juu ya Mbale iko miteremko ya Mlima Elgon yenye kahawa ya arabika, na kuizunguka Jinja kuna mashamba ya miwa na mahindi ya Busoga. Ardhi hiyo hulimwa mwaka hadi mwaka, na rutuba yake huchukuliwa na kila gunia linalopelekwa sokoni.

Serikali iliutambua ukweli huo zamani. Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa kutengeneza mboji kutokana na taka za mijini, na mpango huo ukasajiliwa kimataifa mwaka 2010. Miji tisa iliingizwa katika awamu ya kwanza, na Jinja na Mbale zilikuwa miongoni mwao. Kiwanda cha Jinja kilijengwa Masese. Fedha zilitarajiwa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni mauzo ya mboji kwa wakulima. Upande wa pili ni utaratibu uliowekwa na Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, ambao kwao nchi tajiri zililipia kila tani ya hewa chafu iliyozuiwa isipande angani. Sababu ni kwamba taka zinazooza ndani ya lundo bila kupata hewa hutoa gesi ya methani, ambayo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi.

Namna ya kutengeneza mboji si siri wala haihitaji mitambo ya ajabu. Taka zenye kuoza hupangwa katika matuta marefu. Matuta hayo hugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipenye hadi ndani. Joto lake hupanda kupita nyuzi 55, nalo huua vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu. Baada ya miezi miwili au mitatu uchafu ule huwa udongo mweusi usionuka, ambao huchekechwa na kutiwa katika magunia.

Kilichokwamisha kazi kilikuwa nje ya matuta. Gari la taka lilifika kiwandani likiwa limebeba kila kitu pamoja: maganda, mifuko ya plastiki, vipande vya chupa, betri za tochi, nyembe na nepi. Vibarua wakalazimika kuchambua kwa mikono kile ambacho mama wa nyumbani angekitenga kwa sekunde moja kabla hakijachanganyika. Na hata baada ya jasho lote hilo, vipande vya kioo na plastiki hubaki ndani ya mboji. Mkulima anayepalilia bila viatu hawezi kulaumiwa akikataa kumwaga vioo katika shamba lake. Mboji isipopata wanunuzi, fedha za mafuta ya magari na za kutengeneza mashine zinazoharibika hazipatikani. Pamoja na hayo, bei ya kimataifa ya kupunguza hewa chafu iliporomoka vibaya kuanzia mwaka 2012, na tegemeo la pili likawa dhaifu.

Isidhaniwe kwamba watu wa mashariki hawajui kuvitumia vitu upya. Tazama chupa ya soda au ya bia. Ng'ambo ya mto kutoka Jinja, huko Njeru, kuna kiwanda cha bia kilichoanzishwa katika miaka ya 1950. Chupa ya kioo inayorudishwa kiwandani huoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Ni nadra kuiona imetupwa mtaroni, kwa kuwa mwenye duka ameilipia amana na hataki kuipoteza. Chupa ya plastiki haina amana, nayo hujaza mitaro. Tazama pia Kakira, mashariki kidogo ya Jinja. Makapi ya miwa yanayobaki baada ya kukamuliwa huchomwa ili kuzalisha umeme. Mitambo hiyo ina uwezo wa zaidi ya megawati 50, na umeme unaozidi mahitaji ya kiwanda huuzwa katika gridi ya taifa. Makapi hayo yana thamani kwa sababu moja: hutoka kinuni yakiwa peke yake. Yangalichanganywa na mifuko na vioo, yangekuwa mzigo wa kuzolewa.

Hapa ndipo ulipo msingi wa jambo zima. Taka yenye jina moja ina mnunuzi. Taka yenye majina kumi haina mwenyewe.

Somo hilo limeonekana pia katika jiji la Cairo, huko mto Nile utokao Jinja unakokaribia bahari. Kwa miongo mingi wazoa taka wa Cairo, waitwao Zabbaleen, walipita mlango kwa mlango wakichukua taka, wakazitenganisha majumbani mwao, na mabaki ya chakula wakawalisha nguruwe. Inakadiriwa kwamba sehemu kubwa mno, yapata asilimia 80 ya walichokusanya, ilirudi katika matumizi. Mwaka 2003 serikali ya jiji ilileta makampuni ya kigeni yenye malori ya kushindilia taka, nayo hayakufikia kiwango hicho hata kidogo, kwa maana taka iliyokwisha kushindiliwa haitenganishiki. Mwaka 2009 nguruwe wakachinjwa kwa hofu ya homa ya mafua, na mabaki ya chakula yakarundikana mitaani. Lori kubwa halichukui nafasi ya mkono unaotenganisha mapema.

Huenda msikilizaji aliye kazini kambini akajiuliza jambo hili linamhusu nini. Jibu liko Kiteezi. Jaa hilo la taka za Kampala lilifunguliwa mwaka 1996, likapokea mchanganyiko wa kila aina mpaka likawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Waliofukua miili hiyo ndani ya uvundo, pamoja na Msalaba Mwekundu na wananchi wa jirani, walikuwa askari polisi na wanajeshi. Huko Mbale, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba na mabomba ya maji. Chanzo kilikuwa mvua kubwa iliyonyesha milimani, na hakuna jiji liwezalo kuiamuru mvua. Lakini mtaro uliozibwa na mifuko ya plastiki hauwezi kupitisha hata mvua ya kawaida, na mzigo wa mji usiotenganisha taka zake humwangukia hatimaye yule anayeitwa usiku kuokoa.

Polisi wana sababu nyingine. Viwanda vya chuma vya Jinja huyeyusha vyuma chakavu, na biashara hiyo ni ya heshima, kwani huokoa fedha za kigeni na hulisha familia za waokotaji wengi. Hata hivyo soko hilohilo limekuwa kichaka cha wezi wanaokata vyuma vya minara ya umeme, vifuniko vya mashimo na alama za barabarani. Mwaka 2022 Sheria ya Umeme ilirekebishwa ili kuongeza ukali wa adhabu. Adhabu peke yake haitoshi. Kila mnunuzi wa vyuma anapaswa kuwa na leseni na daftari linaloonyesha jina la muuzaji, aina ya chuma, uzito na tarehe, nalo likaguliwe mara kwa mara. Askari anayekagua daftari humpata mwizi. Askari anayemfukuza mtoto mwenye gunia la makopo humnyang'anya jiji mfanyakazi asiyelipwa mshahara.

Ni hatua gani basi zichukuliwe? Kwanza, kutenganisha kuanzie kwenye chanzo, na kwa njia nyepesi: chombo kimoja cha vitu vyenye kuoza, na kingine cha vitu vikavu. Kudai vyombo vitano siku ya kwanza ni kutafuta kushindwa. Pili, mabaraza ya Jinja na Mbale yaanze na masoko makuu, ambako taka zenye kuoza hupatikana nyingi mahali pamoja, na gari la taka za sokoni lisipite kuchukua za mitaani, maana raia akiona alivyovitenganisha vikichanganywa tena garini hatarudia. Tatu, mboji ijaribiwe hadharani katika mashamba ya mfano kupitia vyama vya ushirika, ili mkulima aamini macho yake. Nne, sheria ya mwaka 2009 iliyopiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki, ile iitwayo kaveera, itiwe nguvu kuanzia viwandani na kwenye maghala. Rwanda ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017, na mitaa yao inaonyesha kwamba inawezekana. Tano, chupa za plastiki ziwekewe amana kama ilivyo kwa chupa za kioo.

Lakini mabaraza huchelewa, na makambi hayana haja ya kuyangoja. Kambi ya Gaddafi mjini Jinja, kambi ya Bugema huko Mbale, na laini za polisi katika majiji yote mawili ni vijiji vyenye mesi, majiko, familia na watoto. Vina kitu kimoja ambacho meya hana, nacho ni utaratibu. Amri moja ya kamanda yaweza kuweka mapipa mawili katika kila jiko kabla ya jioni, kuchagua kipande cha ardhi kwa matuta ya mboji, na kuikabidhi bustani ya mboga ya kambi rutuba isiyonunuliwa. Plastiki na makopo vikikusanywa vikiwa safi, vitauzwa, na fedha zake zitasaidia mfuko wa kambi.

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kila kifaa kina mahali pake, na kwamba ghala lililovurugika ni hatari wakati wa haja. Kanuni hiyo ikitoka ghalani ikafika kwenye pipa la jikoni, majirani wa kambi wataiona na kuiuliza. Jinja na Mbale zimekwisha kupewa jina la jiji, nazo zitapimwa kwa kile kinachofanyika kila asubuhi mlangoni mwa kila nyumba, kabla gari la taka halijafika.