Mtoto Aliyehesabu Mistari ya Mahindi

Mwaka 1945 daktari Leo Kanner wa Johns Hopkins, Baltimore, alisafiri hadi jimbo la Mississippi kumwona mvulana wa miaka 11 aliyemfahamu tangu akiwa mdogo. Donald Triplett alikuwa akiishi shambani kwa mume na mke wa ukoo wa Lewis, wakulima wa kawaida, na Kanner alistaajabia busara yao. Kijana alikuwa na mazoea ya kupimapima vitu. Wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaarifu kimefika kina gani. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena, basi wakampa farasi na plau, ahesabu huku analima. Alipoanza kuokota ndege na wadudu waliokufa, walimtengea mahali pa kuwazika. Juu ya kila kaburi akaweka kibao chenye jina la marehemu, likimalizikia na jina la wenye shamba. Hata konokono akaingia katika ukoo wa Lewis.

Wale wazee hawakumkataza mambo yake, wala hawakumwacha nayo peke yake. Waliyaingiza katika kazi za kaya. Shule ya kijijini aliyosoma nayo ilimpokea alivyo, na masomo yakaenda vizuri.

Donald ndiye mtoto wa kwanza kuelezwa katika makala maarufu ya Kanner ya mwaka 1943, iliyozungumzia watoto 11 na kuifafanua kitabibu hali ambayo sisi tunaiita usonji. Kabla ya hapo, akiwa hajatimiza miaka minne, alikuwa amepelekwa kukaa kwenye taasisi mbali na kwao. Baada ya kama mwaka mmoja wazazi wakamrudisha nyumbani. Akakua, akasoma sekondari katika mji wake wa Forest, akahitimu chuo cha Millsaps, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89.

Waandishi John Donvan na Caren Zucker, waliomfuatilia hadi Forest, walikuta mji mzima ukimlinda. Wageni waliouliza habari za Donald walionywa waziwazi wasije wakamuumiza. Wakasimuliwa pia habari ya matofali. Siku moja wanafunzi walimuuliza Donald ukuta wa shule yao una matofali mangapi. Akautazama, akataja idadi papo hapo, nao wakaenda kusimulia maajabu hayo mji mzima. Miaka mingi baadaye, alipoulizwa alijuaje, akajibu kwamba aliibuni tu ile idadi, kwa sababu alitaka wale vijana wamwone wa maana. Wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye usonji hajali watu na anapenda kukaa peke yake. Hao naomba waifikirie habari hii taratibu.

Ni kweli Donald alizaliwa kwenye neema. Baba yake alikuwa mwanasheria, na benki aliyofanyia kazi ilikuwa ya familia ya mama yake. Tena Mississippi ya wakati ule iliendeshwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi, na sidhani kama mtoto mweusi mwenye hali ileile angeonewa subira namna hiyo. Lakini mambo waliyoyafanya akina Lewis hayakuhitaji mali. Visima na mashamba ya mahindi tunavyo.

Tusichokuwa nacho mara nyingi ni hiyo subira. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Kilifi, akiwamo Joseph Gona, walizungumza na wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya kuhusu chanzo cha usonji. Majibu yalichanganyika. Wapo waliotaja matatizo wakati wa kujifungua, maradhi na urithi wa kizazi, na wapo waliotaja mapepo, uchawi na laana. Wazazi wanaenda hospitali, wanaenda kwa mganga, wanaenda kuombewa, na pesa zinakwisha njiani. Ukikaa na mama wa mtoto mwenye usonji, atakwambia kinachomchosha zaidi ni maneno. Mtoto akipiga kelele dukani, wanaosubiri foleni wanamwambia, "Umemdekeza, mama." Ukweni wanauliza kwenu mna nini.

Basi isemwe bila kuzungukazunguka. Usonji hautokani na malezi mabaya, wala laana, wala chanjo. Ile makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa na jarida lenyewe, The Lancet, mwaka 2010. Ubongo wa mtoto umejengeka tofauti tangu mwanzo, na urithi una nafasi kubwa. Mama hana kosa la kutubia.

Shuleni tumepiga hatua. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ina kitengo cha watoto wenye usonji, na ya City jijini Nairobi pia inacho. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, kifungu cha 54, inazungumzia elimu isiyomtenga mtu na jamii. Walimu wa vitengo hivi ni watu wa kuheshimiwa sana. Hata hivyo, mtu akitaka kujua kama shule imemkubali mtoto, asiishie kwenye chumba cha kitengo. Aende wakati wa mapumziko atazame nani yuko na nani. Mtoto anaweza kusoma miaka sita ndani ya uzio mmoja na wenzake mia nane, na pasiwe na hata mmoja anayelijua jina lake.

Tena wenzake hawajashindwa. Hawajaambiwa tu. Watoto wakielezwa kwamba Juma anaziba masikio kwa sababu kengele inamuumiza kweli, wataacha kumcheka, na siku ya pili utamkuta mmoja wao anamtoa karibu na kengele kabla haijalia. Wakicheza rede watamwekea kanuni yake, maana watoto hubadilisha kanuni za michezo kila siku. Mwalimu naye anaweza kuchora ratiba ya siku kwa picha na kuibandika ukutani, ili mtoto anayeogopa mabadiliko ya ghafla ajue baada ya hesabu ni uji. Ratiba hiyo itamfaa pia yule anayesahausahau, na yule ambaye herufi zinamchanganya. Najua madarasa yetu yamefurika, na mwalimu mmoja hawezi kumfuatilia kila mtoto. Ndiyo maana nawategemea sana hao watoto wenyewe.

Kuna jambo moja katika habari ya Donald linalonitia wasiwasi. Alikuwa na kumbukumbu kali na kipaji cha hesabu, na watu hupenda kusimulia watoto wa aina hiyo. Wengi wenye usonji hawana kipaji cha kustaajabisha. Wapo wasiosema kabisa, wanaovaa nepi wakiwa na miaka kumi, wanaojiuma mikono wakilemewa. Hao ndio ambao familia zao zimeacha kwenda harusini, msikitini na kanisani, na wakipanda daladala hukaa siti ya nyuma wakiomba safari iishe salama. Nafasi ya kuwa miongoni mwa watu si zawadi ya kipaji. Huyu asiyesema anastahili mialiko ileile anayopata binamu yake.

Na mwaliko wenyewe una namna yake. Kabla ya Idi au Krismasi, mpigie simu mama yake umuulize mtoto anakula nini, sauti gani zinamsumbua, na akichoka apumzike chumba gani. Waambie watoto wa nyumbani anakuja nani. Akifika, msalimie yeye kwa jina lake kabla ya kumsalimia mama, hata kama hatajibu.