Vilivyomezwa kwa Bahati Mbaya (4): Kostiki Ndani ya Betri

Machi 2023, serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambi ya Dzaleka, mabishano makubwa yalikuwa juu ya maduka yao. Umbali wa mtoto na hospitali nao ulistahili kubishaniwa. Familia iliyoondoka Lilongwe iliiacha Hospitali ya Kamuzu Central zaidi ya kilomita 40 nyuma yake.

Umbali huo huwa na uzito mtoto anapomeza kisicholiwa. Sarafu ikifika tumboni mara nyingi hupita yenyewe. Betri bapa ya rimoti ikikwama kwenye umio ni balaa jingine: umeme wake hupita katika majimaji ya umio, na upande wake hasi huzalisha alkali kali, jamii ya kostiki ya watengeneza sabuni. Saa mbili zinatosha kuunguza vibaya. Hata betri iliyoshindwa kuwasha rimoti huunguza.

Kostiki hiyo ndiyo aliyopambana nayo Chevalier Jackson, daktari wa Philadelphia aliyezaliwa 1865. Vitu 2,374 vilivyotolewa katika makoo, mapafu na matumbo ya watu, pini, vifungo, sarafu, alivihifadhi kimoja kimoja, na leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Mütter. Aliwahi kutibu binti wa kimaskini ambaye kostiki ilikuwa imemziba umio hata maji hayapiti. Alipomzibua, binti alionja funda dogo akitazamia litarudi. Halikurudi. Akambusu daktari mkono. Jackson hakutosheka na kutibu: alihangaika miaka mingi mpaka Marekani ikapitisha sheria ya 1927 iliyolazimisha makopo ya kostiki yaandikwe kuwa ni sumu. Huo ndio udaktari kamili! Mwaka 2022, huko huko Marekani, Sheria ya Reese ikafuata, ikidai vifuniko vya betri bapa visifunguke ovyo. Mfanyabiashara anayeuza kidude cha kuchezea ambacho mfuniko wake unabanduka kwa ukucha anajua kitachezewa na nani, na anapaswa kuona haya.

Kwa mzazi wa Dzaleka: mtoto akishukiwa kumeza betri, akimbizwe kituo cha afya na ipiganiwe rufaa ya picha ya eksirei siku hiyo hiyo. Asitapishwe. Asisukumiwe tonge la ugali kama afanyiwavyo aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Aliyezidi mwaka mmoja, akiweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, hadi mara sita, ili kupunguza kuungua. Kama haipo nyumbani, safari isingoje asali.