Herufi Zisizoonekana Katika Majibu ya Swichi

Fundi wa mtandao ameandika programu inayoingia kwenye swichi za kampuni kila usiku, inauliza hali ya milango yote na kuandaa ripoti. Asubuhi ripoti inasema mlango wa 22 haupo. Anaingia mwenyewe kwenye swichi, anaandika amri ileile, na mlango anauona, tena unafanya kazi. Jicho lilisoma skrini; programu ilisoma baiti. Ndani ya baiti hizo mlikuwa na herufi ambazo skrini haizionyeshi.

Herufi hizo, ziitwazo herufi dhibiti, zina umri mkubwa kuliko intaneti. Msimbo wa ASCII ulitolewa Marekani mwaka 1963, enzi za mashine za teletaipu zilizochapa kwenye karatasi. Kati ya nafasi zake 128, nafasi 33 hazichapwi. Ni amri kwa mashine. Namba 7 hupiga kengele. Namba 8 hurudi nyuma hatua moja. Namba 13 hurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari, na namba 10 husogeza karatasi. Ndiyo maana hadi leo vifaa vingi vya mtandao humaliza mstari kwa herufi mbili.

Karatasi ilitoweka, amri zikabaki. Tazama swichi ya Cisco inapotoa jibu refu: skrini ikijaa, husimama na kuandika --More--. Ukiiruhusu iendelee, hutuma namba 8 mara kadhaa, kisha nafasi tupu za kulifunika neno hilo, kisha namba 8 tena, ndipo mstari unaofuata uje. Kwenye skrini neno limefutika. Kwenye baiti bado lipo, limeng'ang'ania mwanzoni mwa mstari wa mlango wa 22, na programu inayotafuta mistari inayoanza kwa jina la mlango inaupita.

Wengi hukimbilia kufyeka kila herufi isiyoonekana. Lakini ukiondoa namba 8 bila kuitekeleza, neno --More-- linabaki palepale. Vivyo hivyo kwa rangi: amri ya maandishi mekundu ni namba 27 ikifuatwa na [31m. Ukiondoa 27 peke yake, mabaki yake yanajipenyeza ndani ya data. Mwalimu wa imla anaposema "nukta, aya mpya", mwanafunzi anayeyaandika maneno hayo amekosea, na anayeyapuuza amekosea pia. Herufi dhibiti zinataka kutiiwa kwanza, kisha kuondolewa.

Kazi nzuri huanza kwa kuzuia. Kwenye vifaa vingi vya Cisco, amri terminal length 0 huzima kusimama kwa kurasa, na shida kubwa huisha kabla haijaanza. Kisha hifadhi nakala ghafi ya kila jibu kabla ya kuligusa. Kwenye Linux, cat -A huonyesha yaliyofichika: namba 13 huonekana kama ^M, namba 8 kama ^H, na namba 27 kama ^[.

Baada ya hapo fuata mpangilio. Kama unatumia Telnet, toa kwanza mazungumzo yake yenyewe, yanayoanza na baiti 255. Halafu ondoa mifuatano ya namba 27 mizimamizima, tekeleza namba 8 na 13 kama terminali ingefanya, kisha futa herufi dhibiti zilizosalia, ukiacha namba 10 inayotenganisha mistari na namba 9 inayopanga safu. Kumbuka pia kwamba data hufika kwa vipande: namba 27 inaweza kuja mwishoni mwa kipande kimoja na [31m mwanzoni mwa kinachofuata. Programu isafishe baada ya kuunganisha, si kipande kwa kipande.

Mpangilio huu huongeza mistari michache tu kwenye programu. Kuukosa kunaweza kumfanya fundi abadilishe swichi nzima, wakati mlango haukuwa na tatizo lolote.