Fahamu: Kwa nini filamu ya dubu anayesema iliwagawa wahakiki?

Teddy ni filamu ya Kitamil iliyotoka Machi 2021 moja kwa moja kwenye jukwaa la mtandaoni la Disney+ Hotstar, bila kupitia kumbi za sinema. Mwongozaji wake, Shakti Soundar Rajan, alikwishawapa Watamil filamu ya mazombi, Miruthan (2016), na ya anga za juu, Tik Tik Tik (2018).

Safari hii msichana anatekwa hospitalini na wezi wa viungo vya mwili. Mwili unabaki umezimia, roho inahamia ndani ya mwanasesere wa dubu. Dubu huyo anamtafuta Shiva, kijana mpweke mwenye akili kali, anayechezwa na Arya, ili wausake mtandao wa wezi hao.

Wahakiki wengi walimpenda dubu. Ndani ya vazi lile alikuwamo mwigizaji, E. B. Gokulan, ndiyo maana dubu anatembea na kupigana kama kiumbe chenye uzito. Sifa hiyo ni ya haki kabisa.

Lawama ziliangukia hadithi. Shiva anajua kila kitu na anashinda kwa urahisi mno, hivyo hofu haipati nafasi. Adui naye ni dhaifu. Sayyeshaa, anayemcheza msichana, anaonekana kwa muda mfupi tu. Kwangu mimi, kasoro kubwa zaidi ni kwamba wizi wa viungo, uhalifu wa kweli unaowaumiza zaidi maskini, umetumika kama kisingizio cha mapigano. Watoto wataifurahia, mtu mzima atabaki na maswali kuhusu wagonjwa wengine walioibiwa.